Je, Imani Yetu Ilizaliwa kwa Mafarao?



Mzee mmoja mkristo wa huku Songea alitujia baada ya Misa ya Jumapili, uso wake umejaa huzuni. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amerudi nyumbani likizoni. Usiku wa kwanza, jamaa waliposhika rozari, kijana hakupiga magoti. Alitoa simu yake akawaonyesha picha, akasema: “Baba, haya yote yalikuwako Misri kabla ya Yesu. Osiris alikufa akafufuka. Isis ndiye Maria. Horus ndiye Yesu. Wazungu walitudanganya.” Mzee hakuwa na jibu. Akawaka hasira, akamfukuza mwanawe sebuleni. Tangu siku ile hawasemezani. Naye akatuuliza: “Padre, ni kweli au si kweli?”

Twamshukuru mzee huyo, maana swali lake si lake peke yake. Linaulizwa katika nyumba nyingi za wakristo, Bara na Visiwani, na katika nyumba nyingi linajibiwa kwa hasira. Lakini hasira si jibu. Kijana aliyefukuzwa sebuleni hudhani kwamba amefukuzwa kwa kuwa baba ameshindwa. Basi leo twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, tukianza na yale yaliyo kweli.

1. Yaliyo kweli

Kufanana kuko, wala hatuna haja ya kukuficha.

Katika makumbusho ya London yametunzwa mafunjo yenye mausia ya mwenye hekima wa Misri aitwaye Amenemope, yaliyogawanywa katika sura 30. Mafunjo hayo yalipochapishwa mwaka 1923, wataalamu waliona mara kwamba mausia kadha wa kadha yanalingana mno na sehemu ya Kitabu cha Mithali, tangu sura ya 22 aya ya 17 mpaka sura ya 23 aya ya 11. Huku na huku mwanafunzi anaonywa asimdhulumu maskini, asisogeze mpaka wa shamba, asiandamane na mtu wa hasira. Wataalamu walio wengi wanaona kwamba mwandishi wa Mithali aliijua hekima ile ya Wamisri. Je, twafadhaika? La. Mtakatifu Stefano mwenyewe, katika Matendo ya Mitume sura ya 7, asema kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Misri. Neno la kweli ni la Mungu, hata likitamkwa na mtu asiyelijua jina lake.

Iko na alama iitwayo ankh, mfano wa msalaba wenye kitanzi juu, ambayo kwa maandishi ya Wamisri ilikuwa na maana ya uhai. Mwaka 391 hekalu kubwa la mungu Serapis lilibomolewa mjini Aleksandria. Waandishi wa historia ya Kanisa wa karne iliyofuata wasimulia kwamba alama za mfano wa msalaba zilionekana kwenye mawe yake, na watu waliojua maandishi ya kale wakaeleza kuwa maana yake ni uhai ujao. Wakristo wa Misri wakaipenda alama ile, wakaichora katika makanisa na makaburi yao. Hapa kuna kuazima kweli kweli, wala si kwa siri.

Kadhalika sanamu za Isis akimnyonyesha mtoto Horus zaonekana kufanana na picha za Bikira Maria akimnyonyesha Mwana, zilizochorwa katika monasteri za kale za Misri. Yawezekana mchoraji mkristo alijifunza mkono wake kwa kutazama kazi za waliomtangulia. Lakini mama akimpa mtoto titi ni jambo ambalo kila nyumba ya Ruvuma inalijua. Mchoraji wa Peramiho akimchora Maria amembeba Mtoto kwa kanga, hatusemi kwamba Maria amezaliwa na kanga.

2. Yasiyo kweli

Sasa tuje kwenye zile picha za simu. Mtu akikuambia kwamba jambo fulani la dini yako limeibwa mahali fulani, umwulize maswali matatu. Kwanza: je, maandishi ya watu wenyewe yanasema hivyo? Pili: yaliandikwa lini? Tatu: katika nchi yake jambo hilo lilikuwa na maana gani?

Inasemwa kwamba Horus alizaliwa na bikira, akawa na wanafunzi 12, akasulubiwa. Hakuna andiko la Misri ya kale lenye habari hiyo. Wamisri wenyewe, katika michoro ya hekalu la Abydos, waonyesha jinsi Isis alivyogeuka ndege na kuchukua mimba juu ya maiti ya mumewe Osiris. Hiyo si habari ya bikira, ni habari ya mjane atafutaye mrithi wa mume wake aliyeuawa.

Inasemwa kwamba tarehe 25 Desemba ni ya Horus. Injili hazikutaja siku aliyozaliwa Bwana, wala Kanisa halikuifanya tarehe hiyo kuwa sehemu ya Kanuni ya Imani. Twaikuta katika orodha iliyoandikwa Roma mwaka 354. Hata kama sikukuu ingewekwa katika mwezi mwingine, Aliyezaliwa angekuwa yule yule.

Inasemwa kwamba Osiris, Isis na Horus ndio Utatu Mtakatifu. Watatu hao ni baba, mama na mtoto: miungu mitatu ya jamaa moja. Sisi twasadiki Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Hesabu ya tatu peke yake haitoshi kuwafanya kuwa kitu kimoja, la sivyo mafiga matatu ya jikoni nayo yangekuwa Utatu.

Inasemwa kwamba Osiris alifufuka kama Kristo. Habari za Osiris ni za zamani sana. Zinatajwa katika maandishi ya ndani ya piramidi ya Farao Unas, yapata mwaka 2350 K.K. Lakini masimulizi yenye mfuatano kamili tumeachiwa na Mgiriki Plutarko, aliyeandika karibu na mwanzo wa karne ya pili baada ya Kristo. Asema kwamba Seth alimwua nduguye Osiris, akamkata vipande 14, na Isis akazunguka nchi akivitafuta. Osiris akapata uhai, lakini uhai wa kuzimu: akawa mfalme wa wafu, wala hakurudi kukaa na watu wake. Hakuna Mmisri aliyeandika kwamba alikula samaki pamoja naye ufukoni, au kwamba alitia kidole katika jeraha lake.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Habari ya Osiris haina mwaka. Habari ya Yesu ina mwaka, ina liwali, ina mashahidi. Kila Jumapili twalitaja katika Kanuni ya Imani jina la Ponsyo Pilato, mtu ambaye hakuwa na utakatifu wowote, ili ijulikane ni lini. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto yapata mwaka 55, awataja walioonana na Mfufuka, na asema kwamba wengi wao wangali hai. Ni kama kusema: nendeni mkawaulize. Mtu anaweza kukataa kuwasadiki mashahidi hao. Lakini asiseme kwamba ushahidi na hadithi ni kitu kimoja.

3. Mizani na mwenye njaa

Katika mambo yote ya Misri, moja limetugusa kuliko yote, nalo latufaa zaidi kuliko ubishi.

Wamisri walisadiki kwamba kila mtu akifa atahukumiwa. Moyo wake unawekwa katika kitanga kimoja cha mizani, na katika kitanga cha pili unawekwa unyoya wa Maat, yaani unyoya wa haki na kweli. Thoth, mwandishi wa miungu, anaandika hukumu. Moyo ukiwa mzito kwa uovu, mnyama wa kutisha anaumeza, na mtu huyo anapotea kabisa. Mbele ya waamuzi 42 mfu anakana makosa: hakuua, hakuiba, hakupunguza kipimo cha nafaka. Tena anadai kwamba alimpa mwenye njaa mkate, mwenye kiu maji, na aliye uchi nguo.

Msomaji mkristo akisikia haya atashtuka, maana anaikumbuka Injili ya Mateo sura ya 25. Njaa ile ile, kiu ile ile, uchi ule ule. Je, tuseme limeibwa? Sisi twasema: tumshukuru Mungu kwamba watu wa Mto Nili, karne nyingi kabla ya Betlehemu, walijua moyoni mwao kuwa mwenye njaa atatajwa siku ya hukumu. Mungu hakuwaacha bila taa.

Lakini soma tena, polepole. Katika kaburi la Mmisri, mfu ndiye anayejisifu. Maneno yake yameandikwa kwenye mafunjo na kuwekwa karibu na maiti, ili asikosee kuyatamka. Katika Injili wenye haki hawajisifu hata kidogo. Wanashangaa, wanauliza ni lini walifanya hayo. Na Mfalme awajibu kwamba mwenye njaa yule alikuwa Yeye mwenyewe. Misri ilijua kwamba Mwamuzi atauliza habari za maskini. Haikujua, wala isingeweza kujua, kwamba Mwamuzi amekaa mlangoni na maskini, amevaa nguo zake, anangoja ugali. Hilo halikuandikwa katika piramidi yoyote.

4. Twende nyumbani

Mtu atasema: hayo ni ya Misri, yako mbali. Basi tuyapime kwa jambo la karibu.

Wazee wa Ungoni na Umatengo walimjua Mungu Muumba, wakamwita Chapanga. Waliwaheshimu mahoka, yaani roho za wahenga, wakawatolea unga na pombe na nyama wakati wa ukame na ugonjwa. Misioni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, Mbenediktini. Wakristo wa kwanza walipotaka kusali kwa lugha yao hawakutunga jina jipya la Mungu. Walisema Chapanga, nasi huku twalisema mpaka leo.

Sasa fikirini mtaalamu wa nchi ya mbali, akija baada ya miaka 1,000, akaokota kitabu cha sala za Kingoni. Aone jina Chapanga. Aone kwamba tarehe 2 Novemba watu hawa walikuwa wakiwakumbuka marehemu na kwenda makaburini. Kisha atangaze: “Nimegundua! Dini ya Kikristo ilizaliwa Songea, imetokana na mahoka.” Kila bibi wa Peramiho angemcheka. Kwa nini? Kwa sababu bibi anajua ni mwaka gani habari ilifika, na nani aliileta. Anajua kwamba chungu kilikuwa cha kwetu, bali maji yaliyotiwa ndani yalitoka kisima kingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Misri. Wakristo wa Aleksandria walikuwa na lugha yao, alama zao, desturi zao za kuzika na kuomboleza. Injili ilipofika, hawakuacha kuwa Wamisri. Wala hawakuchukua kila kitu. Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki, aliyefariki mwaka 356, aliwaagiza wanafunzi wake wauzike mwili wake mahali pasipojulikana, kwa kuwa hakupenda desturi ya watu wake ya kuziweka maiti majumbani wakaziheshimu humo. Kanisa la Misri lilipembua kama mama apembuavyo mchele: hili la kubaki, hili la kutupwa.

Nasi tumepaswa kupembua. Kuwaombea marehemu ni jambo takatifu. Kuwatolea wafu matambiko ili watupe mvua, au kwa sababu ya kuwaogopa, hakupatani na imani, maana mvua ni ya Mungu, na marehemu wetu nao wahitaji huruma yake kama sisi. Lakini yatupasa kukiri pia kosa la upande wetu. Wapo waliohubiri zamani kana kwamba kila alilolijua babu yetu lilikuwa la shetani. Hilo si fundisho la Kanisa. Katika karne ya pili Mtakatifu Yustino alikwisha kufundisha kwamba mbegu za Neno zilipandwa hata kwa wapagani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilithibitisha jambo hilo mwaka 1965, ukisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Kijana aliyefundishwa kwamba babu yake hakuwa na lolote jema, akigundua wema wa babu yake, atatupa rozari. Sehemu ya kosa hilo ni yetu.

5. Maji mawili

Liko jambo moja katika historia yetu ambalo mtu wa Songea hawezi kulipita anapozungumza juu ya dini zinazofanana.

Mwaka 1905 habari za maji ya dawa zilienea kutoka Ngarambe, kwa Kinjikitile, mpaka zikafika Ungoni. Aliyenyunyiziwa maji yale aliambiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitampata. Mwezi wa Agosti mwaka ule Askofu Spiss aliuawa njiani huko Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Misioni ya Peramiho ilichomwa moto. Na tarehe 27 Februari 1906, hapa mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga wazee na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60. Kabla ya kunyongwa, kadhaa wao walibatizwa na padre Mbenediktini.

Mwenye kubeza atasema: maji huku, maji huku, tofauti iko wapi? Swali ni zito, na hatulijibu kwa kejeli, maana wale walikuwa babu zetu, na padre yule alikuwa Mzungu kama waliowanyonga. Wako wanaosema kwamba ubatizo ule ulikuwa woga. Moyo wa mtu aliye mbele ya kitanzi anaujua Mungu peke yake, nasi hatuhukumu.

Bali twaweza kusema yale ambayo maji yenyewe yalisema. Maji ya vita yaliahidi kwamba mauti haitakuja. Maji ya ubatizo hayakuahidi hivyo. Hayakulegeza kamba hata uzi mmoja, wala padre hakusema kwamba yangeilegeza. Yaliwaambia watu wale kwamba kuna Mmoja aliyefungwa na kuhukumiwa na watawala wa kigeni, akauawa mbele ya watu, na kwamba Yeye amekwisha kupita mlango ule na anangoja upande wa pili. Kwa macho, maji ni maji. Tofauti ni ahadi, na ni nani aliyeitoa.

Ndiyo maana hatuogopi kufanana. Watu wote wanaoga, watu wote wanazika, mama wote wananyonyesha, na kila taifa limeota ndoto kwamba kaburi si mwisho. Misri iliota ndoto hiyo ikajenga piramidi. Ungoni iliiota ikamwaga unga makaburini. Ndoto ikifanana na asubuhi, si kwamba asubuhi imeiba kutoka usiku. Ni kwamba Mungu mmoja ndiye aliyeweka njaa ile katika mioyo yote, naye kwa wakati wake akaleta chakula.

6. Neno kwa mzee, na neno kwa kijana

Mzee wetu, mwite mwanao. Usianze na Osiris. Anza na chakula. Kisha umwambie: “Mwanangu, maneno yako mengine ni ya kweli, sikuyajua. Na mengine siyo. Tuyatazame pamoja.” Baba akikiri asilolijua, heshima yake haipungui. Na kama hujui kujibu, mwendee paroko au katekista, mwende wote wawili.

Nawe kijana, twakuheshimu kwa kuuliza. Lakini usiwe na bidii ya kuuliza juu ya Biblia tu, ukaacha kuuliza juu ya picha iliyokujia kwa simu. Ulidai kwamba wazazi wako walisadiki bila kupima. Je, wewe umepima? Soma waliyoyaandika Wamisri wenyewe, soma na Mateo sura ya 25, uvilinganishe. Hatuna hofu na utakayoyakuta.

Mzee alipoondoka kwetu siku ile alisimama kidogo mlangoni, akauliza: “Padre, na babu yangu aliyekufa akimwita Chapanga, bila ubatizo, yeye je?” Tulimjibu kama Kanisa linavyofundisha: ambaye bila kosa lake hakuijua Injili, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata sauti ya dhamiri yake kwa msaada wa neema, aweza kuupata wokovu. Mzee akanyamaza. Kisha akasema kwamba atakwenda kumwambia mwanawe hilo kwanza.

Nasi twaona amechagua vema pa kuanzia.